Muulize Shangazi wa Kundi: Wamesoma, Wamekausha

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa kwanza chuoni, najifunza Python kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia sita. Jumatatu niliandika, "Habari zenu wakuu." Wawili wakaitikia. Nikaandika, "Kuna anayejua Python humu?" Kimya mpaka leo. Najua wamesoma, maana dakika mbili baadaye walikuwa wanabishana Simba na Yanga. Nimewakosea nini?*
— Nimekaushiwa, Mbeya

Marahaba mwanangu. Hujamkosea mtu, ila umewatisha. Kundi ni la Python, nawe unauliza kama kuna anayejua Python! Anayejua anaogopa kusema "mimi", kwa sababu hajui atatwishwa nini: huenda ni mstari mmoja wa kodi, huenda ni mradi wako mzima wa mwisho wa mwaka. Basi anakausha.

Huko kwa wenzetu wana tiba kali: usisalimie kabisa, nenda moja kwa moja kwenye swali. Ipo hadi tovuti, nohello.net, ambayo kazi yake ni kuwakanya watu wanaoandika salamu halafu wakakaa kungoja. Mimi siwezi kukushauri hivyo. Mtoto aliyelelewa haingii kwa watu bila salamu, hata kama watu wenyewe wamo ndani ya simu. Lakini hebu tazama barua yako: kwangu umeweka shikamoo na shida yako pamoja, na mimi nimekujibu. Hukuniletea shikamoo Jumatatu na shida Alhamisi. Kundini nako fanya vivyo hivyo: salamu, swali, ulichotarajia, kilichotokea na ulichokwisha kujaribu, vyote katika ujumbe mmoja. Mjuzi akifungua simu kwenye daladala akute kila kitu, ajibu, aendelee na safari yake. Andika hivi:

"Habari za mchana wakuu. Nasoma faili ya CSV niliyoihifadhi kutoka Excel. Nikiita row['jina'] napata KeyError: 'jina'. Safu hiyo ipo, ndiyo ya kwanza, na herufi nimezihakiki. Natumia Python 3.12 kwenye Windows. Nimekosea wapi?"

Hapo hata bibi kizee kama mimi anakujibu: Excel ikihifadhi CSV ya UTF-8 hutanguliza alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, nayo imegandana na jina la safu yako ya kwanza. Ifungue kwa encoding='utf-8-sig', ulale.

*Shangazi, nilipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu, nikaituma kundini. Jamaa kanijibu, "Tuma maandishi." Si dharau hiyo?*
— Mwenye Hasira, Thika

Si dharau. Picha umeniambatanishia, nimeitazama. Nimeona mwanga wa taa, kidole gumba chako na nusu ya kikombe cha chai. Erori yenyewe umeikata kwa chini, na Python huandika jambo lenyewe mstari wa mwisho kabisa. Yaliyo juu yake ni njia ambayo programu ilipita hadi ikaanguka. Tena hakuna awezaye kunakili kodi kutoka pichani akaiendesha kwake, na bando la watu umelila. Nakili maandishi, uyazungushie alama hizi ``` mwanzo na mwisho. Usipofanya hivyo, WhatsApp inaweza kudhani vistari vya __init__ ni amri ya kulaza herufi, ikavimeza, na watu wakakusahihisha kosa ambalo hukulifanya.

*Niliuliza namna ya kupata herufi tatu za mwisho za jina la faili. Badala ya kunijibu wananihoji kama polisi: "Unataka kufanya nini hasa?" Inawahusu nini?*
— Nimehojiwa, Tanga

Inawahusu, wamekushtukia. Wewe huna haja na herufi tatu. Unataka kujua kama faili ni picha au waraka. Siku mtu akileta mimi.jpeg, herufi zako tatu zitakuwa "peg", na utarudi kundini unalia. Path(jina).suffix kutoka pathlib ingekupa .jpeg nzima. Ungetaja ugonjwa badala ya kuagiza dawa, ungejibiwa mara moja.

*Nilibandika kodi yangu yote kundini, pamoja na Consumer Secret ya Daraja. Nimeshaifuta. Niko salama?*
— Nina Wasiwasi, Nairobi

Hauko salama. Daraja ni API ya M-Pesa. Acha kusoma safu hii, nenda katengeneze funguo mpya.

*Mimi ndiye ninayejibu maswali, na nimechoka. Siku hizi nawaambia tu "kagugo". Wengine wananifuata inboksi usiku. Nakosea?*
— Mjuzi Aliyechoka, Zanzibar

Kuchoka ni haki yako, kukaripia si haki yako. Stack Overflow, tovuti ya kuulizana maswali ya kodi iliyoanza 2008, ilikiri hadharani mwaka 2018 kwamba wageni wengi hawakuona kama wanakaribishwa pale. Ukichoka, nyamaza, watu mia sita hawatakufa kwa wewe kulala. Wanaokujia inboksi warudishe kundini, wajibiwe mbele za watu, ili swali hilo hilo lisiletwe na mwingine wiki ijayo.

*Programu yangu iligoma siku mbili, nikalia kundini. Baadaye nikaandika, "Nimeshapata, asanteni." Mtu kaniuliza, "Umefanyaje?" Sikumjibu, kwangu lilikuwa limeisha. Sasa ananiona mchoyo.*
— Nimeshapata, Dodoma

Anakuona sawasawa. Mchoraji Randall Munroe alikwisha kuchora kisa hiki mwaka 2011 katika xkcd, katuni zake za mtandaoni: mtu ana erori, anatafuta mtandaoni, anakuta mmoja tu aliyewahi kuuliza jambo lake, miaka kadhaa nyuma, na hakuna jibu. Wewe umezidi, maana jibu unalo na umelikalia. Watu walitoa muda wao na bando lao kwa ajili yako. Rudi kundini leo, lijibu swali lako mwenyewe, uandike amri uliyotumia na erori uliyokuwa unaipata, neno kwa neno, ili anayetafuta aikute. Huyo aliyekuuliza bado amekwama.