Upinde wa Juu ya Kenchi

Mama mkwe alikuwa amekwisha kukubali bei kabla ya mtu yeyote kuuliza upinde ule ulikuwa wa nani.

Mafundi walikuwa wakibadilisha mabati ya nyumba ya marehemu babu, hapa Usenge, wakauteremsha kutoka juu ya kenchi pamoja na podo la ngozi lenye mishale, vyote vyeusi kwa masizi. Shemeji yangu wa Nairobi akapiga picha, akamtumia mnunuzi wa vitu vya kale. Jibu lilirudi kabla ya chai ya saa kumi: shilingi elfu nne. Ukithibitika kuwa na zaidi ya miaka mia, elfu arobaini. Tangu hapo watu wakashindana kuuongezea upinde umri. Shemeji akaufikisha hadi wakati wa Ramogi mwenyewe, babu wa Waluo, na kilima cha Got Ramogi kikawa shahidi wake kwa kuwa hakiko mbali.

Jaduong', ndugu mdogo wa marehemu, aliugeuzageuza bila kusema neno, kisha akasema, "Wazee wetu walisifiwa kwa mkuki na ngao. Huu si mkono wa kwetu. Kaka aliutoa Kibwezi, alipokuwa kazini reli."

Neno hilo lilipaswa kumaliza ubishi, maana Kibwezi ni Ukambani, na Wakamba ni mabingwa wa upinde tangu enzi. Lakini elfu arobaini ina sauti kubwa. Shemeji akataka tuandike kwenye karatasi kwamba ni wa mwaka 1890. Nikamwambia aache. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa Kenya, au kuletwa Kenya, kabla ya 1895, na kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila kibali cha serikali. Karatasi yake ingemtia mnunuzi mashakani, nasi pamoja naye.

Basi akaamua kuung'arisha. Nilimkuta ameketi kibarazani na msasa, nikamnyang'anya. Pale katikati, mkono unaposhika, mti ulikuwa umelainika na kuiva kwa jasho na mafuta ya miaka mingi, ukang'aa hata chini ya masizi. Upinde wa kuuzia watalii hauna alama hiyo; huwa na mapambo mengi, na mti wake haujawahi kuvutwa. Ukipiga msasa hapo, umefuta ushahidi wa pekee kwamba kuna mtu aliishi nao. Akataka basi auvute kidogo tu, tuone kama bado una nguvu. Hilo nalo nikalikataa. Mti uliokauka juu ya moto wa jikoni ukikunjwa ghafla hupasuka, na ukishapasuka hakuna gundi ya kuurudishia thamani.

Kamba ndiyo iliyotupa jibu la kwanza. Jaduong', aliyevua tangu utoto, aliisugua kwa kidole gumba akacheka: nailoni ya wavu. Nyavu za nailoni ziliingia ziwani miaka ya 1950. Kamba za Kikamba za zamani zilisokotwa kwa kano za wanyama. Kwa hiyo hii ilifungwa hapa hapa, na mama mkwe akakumbuka: mzee aliutumia kuwatishia tumbili waliokuwa wakivamia mahindi. Kamba ina umri wake, mti una wake.

Na mishale ina wake, nayo nusura ituue. Alasiri moja nilimwona kitinda mimba wangu nyuma ya ghala na mshale mkononi, akibandua kile kipande chembamba cha ngozi kilichoviringishwa kwenye chembe. Chini yake kulikuwa na kitu cheusi kama lami. Nilipiga ukelele uliowafikia wanawake waliokuwa wakianika omena. Sumu ya mishale ya Ukambani huchemshwa kutokana na msunguti hadi iwe nzito. Ngozi ile huwekwa ili sumu isikauke. Ikiingia kwenye damu husimamisha moyo, nayo hudumu miaka na miaka. Mtoto hakuwa amejikwaruza. Tuliosha mikono yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mishale yote ikaingia kwenye debe lenye kufuli.

Kabla ya kufunga, Jaduong' aliinama kuitazama chembe ile iliyovuliwa. Ilikuwa msumari mrefu wa dukani, uliofuliwa ukawa bapa. Shemeji akauona mwenyewe, akanyamaza kuhusu 1890.

Juu kidogo, karibu na manyoya, kulikuwa na mikato mitatu na mstari wa kukingama. Wakamba waliweka alama kwenye mishale yao, kama wawekavyo kwenye mizinga ya nyuki, ili mnyama akianguka ijulikane ni mshale wa nani. Kwangu mikato hiyo ilizidi bei yoyote ya Nairobi. Mti usio na mwenyewe ni pambo la ukutani. Huu ulikuwa na mtu, na mtu huyo alimpa babu yetu silaha yake, au aliiweka rehani, au alinyang'anywa.

Jaduong' alikuwa bado na namba ya mwana wa mzee mmoja aliyefanya kazi reli pamoja na marehemu. Tukamtumia picha ya mikato. Alipopiga, mama mkwe ndiye aliyeshika simu. Yule bwana alisema alama hiyo ni ya ukoo, na ataipeleka kwa wazee wa huko Kibwezi, lakini kwanza alitaka kujua jambo moja: je, upande wa pili wa mshale kuna mkato mwingine mdogo?

Mama mkwe alinitazama, akatoa ufunguo wa kufuli kifuani. "Niletee miwani, mwanangu," akasema, "na huyo mtu wa Nairobi akipiga, mwambieni hakuna kinachouzwa."