Madeni ya Baba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Januari, siku shule zinafunguliwa, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda sebuleni, kitana mdomoni, kichwa cha mwanangu mdogo kati ya magoti yangu. Mama yao ni muuguzi na usiku huo alikuwa zamu. Jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye ndiye fundi wa vichwa vya mtaa mzima, alikuwa bado Moshi kwenye Krismasi yake, na mwenyewe husema akienda harudi mpaka mbege iishe. Shule inataka watoto wa kike wasuke twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, basi. Nikajiambia: mimi ni mhasibu. Mistari iliyonyooka ndiyo kazi yangu.

Ukimtazama mtu anayejua, unaona ni kazi nyepesi. Unapasua njia kwa ncha ya kitana, unashika nywele mafungu matatu, unayapishanisha, na kila unapopishanisha unachota nywele nyingine kidogo na kuziunga humo. Hapo pa kuchota ndipo nilipofia. Nikichota nyingi, msuko unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi. Nikichota kidogo, unakatikia utosini na kubaki unaning'inia. Mstari wa kwanza ulianza vizuri, ukaenda urefu wa kidole, halafu ukakata kona kuelekea sikio la kushoto. Wa pili ukaufuata wa kwanza, kama ng'ombe.

Kitinda, miaka mitano, alikuwa akiimba muda wote huo na kuitikia kwa kichwa. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni akipiga mswaki. Huyu ana miaka minane. Alipewa jina la mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe tunamwita Bibi, na naona cheo hicho kimemwingia. Akatoa mswaki mdomoni.

"Baba, hiyo siyo twende kilioni," akasema. "Hiyo ni tumeshatoka kilioni."

Yeye alikataa katakata kukaa kwenye zamu yake. Akajifunga mabutu mawili, akaenda nayo shule, akatolewa mstarini. Jioni alirudi na uso wa mtu aliyedhulumiwa, nami kwa kutaka amani nikamwahidi fidia ya elfu moja. Mfukoni sikuwa na kitu, ilikuwa Januari. Bibi akachukua daftari moja katika yale niliyowanunulia kwa ajili ya masomo, akaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa: MADENI YA BABA. Akaandika kwa kalamu ya wino. Nilipomuuliza kwa nini asitumie penseli kama shuleni, akanijibu kwamba penseli inafutika.

Wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtoto wa mhasibu sikuwahi kuambiwa.

Mwaka huo, 2024, Idi el-Fitri iliangukia Aprili, masika yamekolea. Mfungo ukiwa katikati, mama yao alinikabidhi vitambaa viwili vya satini, cha waridi na cha kijani, nimpelekee fundi cherehani wetu Kariakoo nikitoka kazini. Akanipa na karatasi ya vipimo. Vitambaa vilifika. Karatasi ilibaki kwenye mfuko wa suruali ya jana.

"Watoto wana urefu gani, bosi?" fundi akauliza, futi imemning'inia shingoni.

Nikaweka kiganja chini ya mbavu zangu. "Mmoja anafika hapa." Nikakishusha mpaka kiunoni. "Na mwenzake hapa, kidogo tu chini yake."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, fundi. Wanafuatana."

Akanitazama kwa huruma, akaandika namba fulani. Kuanzia siku hiyo kila nilipompigia simu magauni yalikuwa tayari, bado vifungo tu. Vifungo vilichukua siku tisa. Siku ya ishirini na tisa ya mfungo mvua ilianza kunyesha tangu asubuhi, na sisi wa Kimara tunajua maana yake. Msimbazi ukifurika pale Jangwani barabara inafungwa, mwendokasi unasimama, nawe unabaki upande wa mjini ukiyafikiria magimbi ya futari kwenu. Nilitoka kazini mapema kwa kisingizio cha jino, nikayachukua magauni, nikayavaa ndani ya shati ili yasilowe, nikavuka. Kwenye basi dada mmoja aliniachia kiti. Nadhani alidhani tumbo lile ni ugonjwa.

Nilifika nikakuta mtaa mzima uko nje unatafuta mwezi. Mvua ilikuwa imekatika lakini mawingu yalikuwa pale pale. Watoto walikuwa wamepanda kwenye ngazi za nyumba inayojengwa, Kitinda juu kabisa kwa sababu ndiye mwenye sauti.

"Nimeuona! Ule pale! Mwekundu!"

Shangwe ikapigwa. Mwingine akagonga sufuria. Mama mmoja nyumba ya pili alikuwa tayari ameshaloweka mchele na harufu ya vitunguu vya pilau imeanza kutoka, ndipo mumewe alipotoka nje na kanzu yake, akautazama mwezi wa Kitinda kwa muda mrefu.

"Mwezi gani huu unakonyeza?" akauliza.

Ilikuwa taa ya mnara wa simu. Hata hivyo yule mama hakuzima jiko, na tangazo la kuandama kwa mwezi lilipotoka redioni usiku, mtoto wangu alilipokea kama mtu aliyekuwa akisubiri tu wengine wamfikie.

Tukajaribu magauni. Yalikuwa mazuri, ya marinda, na vifungo vyenyewe vilikuwa vya lulu. Ila yote mawili yalikuwa saizi moja. La Bibi lilikomea juu ya magoti na zipu ikagoma katikati ya mgongo. La Kitinda lilikuwa linafagia sebule. Fundi alikuwa amemshonea mwanangu wa kati, ambaye hatujamzaa.

Sitasimulia kilio. Mama yao alirudi kutoka zamu ya jioni karibu saa tano, akayaangalia magauni, akaniangalia mimi, akasema neno moja tu, "Baba watoto," akachukua mkasi. Alikata ukingo wote wa chini wa gauni la kijani, akaushikiza kwa sindano ya mkono chini ya lile la waridi. Ubavuni akafumua akaingiza kipande kingine. Alimaliza saa nane usiku. Asubuhi wanawake watatu walitusimamisha njiani kuuliza huo mtindo wa rangi mbili umeshonwa wapi, na mimi, Mungu anisamehe siku ya Idi, nikawaelekeza kwa fundi wangu Kariakoo.

Kitinda hakufika kwenye swala na gauni lake likiwa safi. Kimara ni vilima, na njia yetu ikilowa inakuwa kama imepakwa sabuni. Aliteleza kuanzia kwa muuza mkaa mpaka kwenye mfereji, amekaa, mikono juu, bila kupiga kelele. Tulipomfikia, alichouliza ni hiki: kwa nini Idi imekuja kwenye mvua?

Nikaona hapa ndipo pa kuwa baba. Nikamweleza kwamba Idi inafuata mwezi; kwamba mwaka wa mwezi una siku 354 na ule wa kalenda ya ukutani una 365, kwa hiyo kila mwaka Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwakani itakuwa mwishoni mwa Machi, mvua ndiyo kwanza zinaanza. Miaka michache mbele itaangukia kiangazi.

Alifikiri huku nikimkamua gauni.

"Inakimbia matope," akasema.

Nimesoma hesabu za ofisi tangu ujana wangu na sijaona mtu aliyefunga mahesabu kwa haraka namna hiyo.

Jioni ya siku ile ile luku ilikata. Pilau lilikuwa limeliwa, wageni wamejaa sebuleni, fedha zangu zote zimekwenda kwenye nyama na kwenye mikono ya Idi ya watoto wa watu. Waliokuwa na fedha ndani ya nyumba ile ni wawili. Walikuwa wamezunguka mtaa mzima tangu swala ilipokwisha, na kipochi chao kilikuwa kinavutwa chini na sarafu. Nilikopa elfu sita gizani, kwa mwanga wa tochi ya simu, Bibi akiandika. Kwa wakala nikamwaga kaunta nzima mia mbili mbili na mia tano tano. Kijana akaanza kuzipanga kumi kumi.

"Mzee," akasema bila kuinua kichwa, "umevunja kibubu cha nani?"

Kipupwe sina mengi ya kusema juu yake. Ni miezi ambayo Dar es Salaam inakuwa mji wa watu wenye akili, mtu analala na shuka, na watoto wanagombea sweta ambalo miezi mingine linafungia dirisha. Julai tulikwenda Saba Saba, viwanja vya maonesho vya Barabara ya Kilwa. Mwalimu wa Bibi alikuwa ametoa kazi ya likizo: eleza kwa nini tunaadhimisha Saba Saba. Nikamwambia kwamba tarehe 7 Julai 1954 ndipo TANU ilipoanzishwa. Akaniuliza kama nilikuwepo. Nikamuuliza ananionaje. Akaninyamazia, akaandika jibu lake.

Tulipanga foleni ndefu kuona simba. Simba alikuwa amelala chali, miguu hewani.

"Kama Baba Jumapili," Kitinda akawaambia watu waliokuwa nyuma yetu, nao wakanigeukia kulinganisha.

Niliahidi aiskrimu ya pili wakati wa kutoka, nikitumaini watasahau. Elfu mbili, kwa wino.

Mvua za vuli ziliponyesha usiku wa kwanza, kumbikumbi walijaa kwenye taa ya barazani. Wanangu waliweka beseni la maji chini ya taa, wakajaza, halafu Bibi akaona wengine wafugwe ili wazaane. Chombo kilichokuwa karibu chenye mfuniko kilikuwa hotipoti yangu ya kazini. Mimi asubuhi nilichokiona ni hotipoti nzito mezani, nikaibeba nikijisifu kwa mke niliyenaye. Saa saba mchana niliifungua mbele ya mkuu wangu wa idara, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua chapati. Waliokuwa na mbawa waliruka. Waliokwisha pukutisha mbawa walitembea kwa mafungu kuelekea kwenye hati za malipo. Mkuu, ambaye kwao Bukoba, aliwatazama kwa upendo wa kweli na kuniuliza kwa nini sikuwakaanga. Nyumbani niliulizwa nimewapeleka wapi, nikatozwa elfu moja na mia tano.

Desemba jirani yetu alifunga mlango wake, akatuachia kuku wake wanne tuwalishe, akapanda basi la Moshi. Watoto walimsindikiza mpaka kituoni. Kitinda akauliza wenzetu wana Moshi, sisi tuna wapi. Nikamwambia sisi tuna Kimara. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika.

Halafu ikawa tena Januari 2025, jioni ya kuamkia kufungua shule. Sare zimepigwa pasi, viatu vinabana ila vitafika Machi, mama yao yuko zamu. Nikatoa kigoda katikati ya sebule. Nikatoa kitana, nikatoa mafuta ya nazi, nikapasha vidole kama mpiga kinanda.

"Nani anaanza?"

Kitinda aliingia chini ya meza. Bibi alisimama kimya, halafu akaenda chumbani na kurudi na daftari. Akalifungua mbele yangu. Nywele, elfu moja. Luku, elfu sita. Aiskrimu, elfu mbili. Kumbikumbi, elfu moja na mia tano. Jumla elfu kumi na mia tano, na imepigiwa mistari miwili chini kama nilivyomfundisha mwenyewe.

"Ukituacha na vichwa vyetu," akasema, "nakufutia nusu."

"Nusu haitoshi. Mwalimu atawatoa mstarini."

"Tutajua wenyewe."

Nikapasua hewa kwa ncha ya kitana, kujaribu mkono. Chini ya meza ikatoka sauti: "Bibi, mfutie yote!"

"Pamoja na luku?" nikauliza.

Bibi akavuta pumzi. "Pamoja na luku."

Akainama juu ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa shule: Imefutwa yote. Nikaweka kitana chini polepole, kama mtu anayejinyima. Tangu saa tisa alasiri nilikuwa na ujumbe kwenye simu kwamba jirani ameshapita Chalinze, na saa ile, saa kumi na mbili, bila shaka alikuwa akishusha mizigo Mbezi. Sikujisikia vibaya hata kidogo. Mwaka mzima nilikuwa sijashinda.

Haikupita nusu saa akabisha hodi, mkungu wa ndizi begani kwa bodaboda, mikono yake ya kusuka imenyooshwa kwa watoto.

"Njooni niwasuke, wanangu! Si nilimwambia baba yenu tangu nikiwa Chalinze kwamba leo nawahi?"

Bibi alinigeukia. Hakusema kitu. Alilifungua tena daftari, akatoa kifutio kwenye kikebe cha kalamu, na ndipo nilipouona vizuri ule mwandiko wa imefutwa yote, rangi yake ya kijivu.