Heshima ya Faili Nene

Watunza rekodi za sauti wa Butembo, mashariki mwa Kongo, wastahili pongezi. Muundo wa FLAC upo tangu 2001, hupunguza faili la WAV hadi karibu nusu bila kupoteza chembe ya sauti; wao wamekishinda kishawishi hicho. Kila dakika ya ubora wa CD ibaki na megabaiti zake 10, kama bibi harusi asiyekubali kuvua hata bangili moja.

Kwaya ya saa nzima, megabaiti 600. Diski ikijaa, hununuliwa nyingine. Wauza diski nao wana watoto wa kusomesha.

Kisha flashi yenye kwaya hiyo hupanda pikipiki kwenda Beni, kilomita 50 na ushei za vumbi, na uzito wake wote. Huko wimbo hupokewa kwa taadhima, hugeuzwa MP3, kisha hupigwa kwenye simu iliyotumbukizwa kikombeni ili isikike vizuri.