Joka na Mchumba
Katika ngano ya Kikorea, Shim Cheong anajiuza kwa mabaharia kwa magunia 300 ya mchele, atoswe baharini kuwa kafara, ili baba yake kipofu apate kuona. Katika riwaya ya Axie Oh ya mwaka 2022 inayosimulia upya ngano hiyo, anayejitosa badala yake ni Mina, na huko chini mapenzi hayakawii kumpata. Ndiyo desturi ya fantasia ya vijana, yaani hadithi ya miujiza inayowalenga wasomaji wa rika la ujana: joka likishajikunja jaladani, mchumba mwenye siri nzito hachelewi kutokea, na tamaduni kuanzia Korea hadi Uhindi hubanwa kwenye rafu moja dukani, kana kwamba Asia ni kijiji chenye kisima kimoja. Baba kipofu wa ngano, aliyesababisha safari ya awali, anaombwa asubiri busu liishe.