Seva yenye adabu kupita kivuko

Ofisi moja hapa Lupiro, jina nalihifadhi maana bado nawadai, ilikuwa na seva mbili za kusimika mfumo endeshi kupitia mtandao, bila flashi wala sidii. Fundi akataka ile mpya ijibu kwanza, kuukuu isubiri. Wazo zuri; sehemu ya kuchelewesha majibu imewekwa kwa kazi hiyohiyo, na sekunde tatu kwa ile kuukuu zingetosha. Yeye akaandika 70. Kwenye seva zote mbili, asionekane ana upendeleo.

Sasa kompyuta isiyo na mfumo hupiga hodi mtandao mzima. Kwa kanuni ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao, yaani PXE, iliyotolewa na Intel mwaka 1999, husubiri sekunde 4, kisha 8, kisha 16, mwisho 32. Jumlisha: 60. Halafu inakata tamaa. Sekunde kumi baadaye seva inaitikia karibu yake nzuri, mgeni kashaondoka.

Fundi akalaumu kebo. Tukabadilisha kebo. Akalaumu umeme, na umeme hauna wa kuutetea.

Tatizo kompyuta hizi hazikuzaliwa huku. Kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, sisi tulingoja kivuko, na sekunde ya 60 hakuna hata aliyekuwa ameshusha mzigo kichwani. Wenye majibu ya haraka Lupiro ni mbu: jua likizama tu, ombi limepokelewa. Na mbu hao, watafiti wa Ifakara huwachunguza miaka nenda rudi. Fundi wetu hana anayemchunguza.