Taa Iliyotangaza Giza

Lawama zote nazipeleka kwa matatu moja. Za kwetu Kawangware, namba 46, hazina sifa ya urembo kama zile nganya za Rongai ambazo abiria huzipanda kama wanaingia harusini. Nyingi zinakufikisha nyumbani, basi. Lakini jioni ile, tukikwea Valley Road kwa mwendo wa konokono, nilijikuta ndani ya moja iliyotiwa mikanda ya taa kutoka darini hadi chini ya viti. Na hazikuwaka ovyo. Besi ilipogonga, ziliruka; ngoma iliponyamaza, nazo zikanywea. Hata kiziwi angeufuata wimbo.

Mwaka 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zilivishwa mstari wa manjano, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na wengi wakadhani urembo umekufa. Laiti ungekufa, ningekuwa na amani leo.

Mimi ni mtu wa saiba. Nina kompyuta saba, hatua chache kutoka steji, na ya nane ni seva iliyokaa kwenye kaunta yangu, ambamo kazi za wateja wote huhifadhiwa. Kabla hatujafika Yaya nilikuwa nimeshapata ufunuo: kama taa zinaweza kufuata ngoma, zitashindwaje kufuata diski? Kila kompyuta yangu ina kitaa mbele, ukubwa wa punje ya mtama, kinachopepesa diski inaposoma au kuandika. Hakuna anayekitazama. Nikakiona kitaa hicho kimekuwa mita mbili za mwanga mwekundu nyuma ya kioo cha seva, na mwenzangu mwenye saiba ng'ambo ya barabara anakonda kwa wivu.

Kesho yake nikashuka Luthuli. Albert Luthuli wa Afrika Kusini, ambaye barabara ile ina jina lake, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960. Amani yenyewe haijawahi kufika pale. Kila duka hujaribu spika zake kwa wakati mmoja na jirani. Tangu barabara ilipokarabatiwa mwaka 2019 na njia za waenda kwa miguu zikapanuliwa, angalau mtu hupigwa kelele akiwa amesimama vizuri. Nikanunua mkanda wa taa wa volti 12, muuzaji akaukata kwa makasi penye alama, nikaondoka bila kuuliza swali hata moja. Luthuli hakuulizwi maswali. Ukiuliza, bei inajua wewe ni mgeni.

Usiku nikaifungua seva. Kwenye madabodi kuna pini mbili za taa ya diski. Nikachomoa ile punje ya mtama, nikachomeka mkanda wangu, nikawasha. Kimya. Nikazima taa ya chumba, nikasogeza uso mpaka pua ikagusa mkanda. Giza tupu.

"Umeuziwa maiti," akasema kijana anayenisaidia, ambaye habari mbaya huwa nazo mfukoni kama chenji.

Haikuwa maiti. Pini zile zimeumbwa kulisha kitaa kimoja tu: volti 5, tena zimepitishwa kwenye rezista, hivi kwamba kinachotoka ni miliampea kumi hivi. Mita moja ya mkanda kama wangu, wenye taa 60, inataka volti 12 na zaidi ya ampea nzima. Nilikuwa nimemtwika kuku mzigo wa punda. Aliyemwokoa kuku ni rezista.

Nikarudi Luthuli, safari hii kwa fundi mmoja wa ghorofani, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Alinisikiliza bila kuacha kulehemu redio ya mtu.

"Kijana wangu," akasema, "hiyo diski ni mtoto mchanga. Hawezi kusukuma mlango. Lakini anaweza kulia. Sasa tafuta wa kumsikia."

Sijapata mwalimu aliyenifunza umeme vizuri kuliko yeye. Mwenye nguvu ni pawa saplai, kwa ule waya wa manjano wa volti 12. Wa kufungua mlango ni mosfeti, transista ya miguu mitatu inayoruhusu au kuzuia mkondo mkubwa. Na wa kumsikia mtoto ni optokapla, kidude cheusi cha miguu minne: ndani yake kitaa kidogo kinaimulika transista bila waya kugusana, kwa hiyo hata ukivuruga upande wa mkanda, madabodi haina habari. Akanichorea ramani yote nyuma ya risiti, kisha akaweka nukta mahali pamoja. "Ukikosea hapa, itafanya kazi kinyume."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Risiti nikaitia kwenye mfuko wa shati. Shati likafuliwa.

Basi nikaunganisha kwa kumbukumbu, na saa tano usiku taa zikawaka, nyekundu, saiba nzima ikawa kama bucha. Seva ilikuwa imetulia tuli na taa zinawaka. Mtu mwenye akili angejiuliza hapo. Mimi nilifunga mlango nikaenda kulala bingwa. Optokapla nilikuwa nimeiweka pale penye nukta, yaani mahali ambapo ikiamka inainyima mosfeti umeme badala ya kuipa. Diski ikilala, taa zinawaka. Diski ikifanya kazi, zinazimika.

Jumatatu asubuhi viti vyote saba vilikuwa na watu. Wanafunzi wa chuo, mama aliyekuja kuandika barua ya kuomba kazi ya bintiye, na mchungaji aliyekuwa akitengeneza kitabu cha mazishi. Kila aliyeingia aliusifu mkanda. Kisha mwanafunzi mmoja akatuma kurasa arobaini kwenye printa, diski ya seva ikaamka, na mkanda ukakonyeza mara mbili.

Mkazi wa Nairobi ana mshipa ambao sidhani madaktari wanaufahamu. Taa ikikonyeza, mkono unakwenda kuhifadhi kazi kabla kichwa hakijapata taarifa.

"Stima inapotea!" yule mama akapaza sauti.

Watu saba wakahifadhi kwa pamoja. Na kazi zao zote huhifadhiwa wapi? Kwenye seva. Diski ikashikwa na homa, mkanda ukazimika, ukawaka, ukazimika tena. "Si nimewaambia!" Wakahifadhi mara ya pili. Kadiri walivyohifadhi ndivyo ulivyokonyeza, na kadiri ulivyokonyeza ndivyo walivyohifadhi. Baadaye nilikuta mchungaji amehifadhi kile kitabu cha mazishi mara kumi na nne, kila nakala na jina lake: "marehemu", "marehemu mpya", "marehemu mpya kabisa", "marehemu wa mwisho", na "marehemu wa mwisho 2".

Taa ya darini ilikuwa inawaka muda wote huo. Hakuna aliyeinua macho. Nilisimama juu ya kiti nikapiga kelele, "Stima iko! Haya ni mapambo!" Sidhani neno mapambo limewahi kumtuliza mtu. Dakika mbili baadaye saiba ilikuwa tupu. Wawili hawakulipa. Mmoja alitoka na kipanya changu mkononi, akakirudisha jioni na kuuliza kama stima ilirudi.

Kinyozi wa mlango wa pili aliwaona wakitoka mbio. Naye, kwa kuwa mashine yake iliwahi kuungua stima iliporudi kwa hasira, akaichomoa haraka, mteja akiwa amenyolewa upande wa kushoto. Mwenye kinu cha unga alipoona kinyozi amechomoa, akazima kinu. Fundi cherehani akasukuma kiti nje akaanza kumenya chungwa. Kwa robo saa safu nzima ya maduka yetu ilikaa kivulini ikingoja stima irudi, ikibishana iwapo ni transfoma au ni mvua ya jana, mpaka mama mboga, ambaye hana hata balbu kwenye kibanda chake, akauliza, "Na hiyo friji ya soda inanguruma na nini?"

Wote wakageuka kunitazama mimi. Yule wa nusu kichwa alinitazama zaidi.

Nilimpelekea fundi ile risiti, ambayo sasa ilikuwa donge gumu jeupe. Hakucheka. Alinichorea upya, safari hii kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino usiotoka. Kilichohitaji kuhamishwa ni waya mbili.

Tangu siku hiyo taa zinafanya kazi sawasawa, na taabu ikageuka sura. Wateja waliamua kwamba mkanda unaonyesha mtandao. Nikawaeleza kwamba unafuata diski ya seva tu, wakaniitikia kwa heshima na kuendelea kuamini. Mwaka jana nikaiwekea seva diski mpya ya NVMe, ile inayokaa kwenye madabodi yenyewe. Kasi iliongezeka mara nyingi, lakini madabodi yangu haiihesabu diski ya aina hiyo kwenye zile pini mbili, kwa hiyo mkanda ukalala kimya. Wiki hiyo hiyo watu wanne waliniambia saiba yangu siku hizi iko polepole, na wawili niliwaona kwa macho yangu wakivuka barabara kwenda kwa mwenzangu.

Nikairudisha diski ya zamani kando ya mpya. Haina kazi yoyote. Ndani yake kuna video ya harusi ya binamu yangu, saa nne nzima, na kwenye kibodi yangu kuna kitufe kimoja kinachoiamuru ijinakili.

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kujaza ritani za ushuru, foleni ilitoka nje ikampita mama mboga. Mzee mmoja wa suti alimaliza kujaza yake kwenye iTax, akabonyeza kutuma, cheti cha kupokewa kikatokea kwenye skrini na kuchapishwa. Hakukitazama. Alikuwa ameukazia macho mkanda.

"Mbona yangu haijawaka?"

"Imeingia, mzee. Hiki hapa cheti chako."

"Ya huyu kijana iliwaka."

Nyuma yake watu thelathini walikuwa wanavuta pumzi. Nikashusha mkono taratibu, nikabonyeza kitufe. Diski ikaamka, na bibi harusi, mama zake wadogo na keki ya ngazi tano vikaanza kupita mmoja mmoja, vyekundu, nyuma ya kioo.

"Haya," akasema mzee, akitoa pochi. "Sasa imeingia."