Sifa za Jengo Lielealo Hewani

Katika mambo yote yaliyodhulumiwa na ndimi za wanadamu, sijaona lililoonewa kuliko ile kazi ya kuitwaa ardhi iliyochorwa kwa CAD, na majengo yaliyochorwa kwingine na mtu mwingine, kisha kuvipandisha vyote pamoja katika programu ya kuonyesha mandhari, ili wakubwa na raia wauone mji kabla haujajengwa. Wachoraji huilaani usiku kucha, wakandarasi huiita hasara, na msimamizi wa mradi, ambaye kazi yake yote ni kuuliza picha itakuwa tayari lini, huihesabu kuwa ni uvivu uliovishwa joho la utaalamu. Mimi nimeazimia kuisifu, tena kuisifu mahali inapostahiki, yaani Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako kutoka katika mamlaka moja na kuingia nyingine hakujawa jambo la kufumba na kufumbua.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambacho humwezesha msafiri atokaye Uganda kusimama mara moja tu, upande wa Kenya, akawakuta maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja. Ni jambo jema, wala sina la kulitia dosari, ila kwamba binadamu amenyang'anywa ile fursa ya kale ya kusimama mara mbili na kutafakari safari yake. Michoro haikunyang'anywa. Faili ya ardhi itokayo kwa mpimaji ikapitia kwa mhandisi wa barabara, na faili ya jengo itokayo kwa msanifu aliyeko Nairobi, husimamishwa katika kila mlango, hupokonywa rangi hapa na majina ya matabaka ya mchoro kule, na zikifika hatimaye huwa zimekwisha kufunzwa unyenyekevu ambao wenye kuzichora hawakujaaliwa.

Kubwa katika fadhila za kazi hii ni kwamba huwasomesha jiografia watu waliodhani kuwa waliimaliza shuleni. Hati nyingi za upimaji wa Kenya zimesimama juu ya msingi uitwao Arc 1960, unaotegemea umbo la dunia kama alivyolikadiria Mwingereza Alexander Ross Clarke mwaka 1880. Ilhali setilaiti, pamoja na simu iliyo mfukoni mwa mwendesha boda boda, hufuata msingi mwingine, WGS84. Baina ya misingi hiyo miwili, mahali pamoja pa Busia huachana na nafsi yake kwa zaidi ya mita 300. Msanifu akiliweka ghala kwa namba za Arc 1960 juu ya ardhi iliyopimwa kwa setilaiti, pasipo kuitanabahisha programu, ghala husogea mita 300 hivi kaskazini na mita 85 hivi magharibi; na magharibi ya Busia, kama ajuavyo kila mtoto wa hapo, ni Uganda. Basi ghala lililokuwa jirani na mpaka huweza kuvuka, bila pasi wala stakabadhi ya forodha. Wengine huona kosa; mimi naona kumbukumbu njema ya tarehe. Kwani nchi hii yote, toka hapa hadi Naivasha, ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipoihamisha kwa kalamu na kuitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, pasipo kuwataka shauri Wateso wala Wakhayo waliokuwamo. Ghala, maskini, linarejea kwao.

Safari ndefu zaidi hutolewa bure kwa wale wasiokumbuka ikweta ilipo. Nairobi na Mombasa ziko kusini ya mstari huo, na msanifu wa huko amezoea kuichagua kanda ya kusini bila kutazama. Lakini Busia iko kaskazini, umbali wa kilomita 51 hivi. Katika hesabu za UTM, mfumo wa kuigawa ramani kwa kanda na kuipima kwa mita, namba za kaskazini huanza na sifuri kwenye ikweta, na katika zile za kusini, kwa kuepuka namba hasi, ikweta hupewa mita 10,000,000. Soma namba za Busia kana kwamba ni za kusini, na jengo la forodha lililokusudiwa malori ya mahindi litasimama barafuni, jirani na Ncha ya Kusini, mahali ambapo, nakiri, msongamano wa malori umedhibitiwa kikamilifu. Na ukizihifadhi namba hizo kubwa za kusini kama zilivyo, utavuna hidaya nyingine: programu nyingi za picha hushika namba kwa biti 32, na ikivuka 8,388,608 hatua ndogo kabisa inayoweza kushikwa ni mita nzima. Dirisha la sentimita 60 halina pa kukaa hapo. Ama litanenepa likawa la mita moja, ama litatoweka. Hakuna mhadhara wa chuo kikuu uliowahi kumfahamisha mtu mipaka ya kompyuta kwa uwazi wa ukuta uliotoboka hivyo.

Mintarafu vipimo, sifa zake ni nyepesi kuhadithia. Wasanifu huchora kwa milimita na wapimaji kwa mita, kwa hiyo kibanda cha ukaguzi chenye urefu wa mita 30, kisipotafsiriwa, hunyooka kilomita 30, kikaanzia Busia na kuipita Malaba, na hapo ndipo panapopatikana, kwa mara ya kwanza, sehemu ya kutosha malori yote yangojayo. Miji hii imekaa kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, nazo kwa futi ni 3,937. Mtu akiandika futi na programu ikasoma mita, benki ya Malaba huning'inia mawinguni, ikikaribia kulingana na kilele cha Mlima Elgon chenye mita 4,321. Juu ya minara inayolala kifudifudi kwa sababu programu moja huita wima Z na nyingine Y, sitasema neno.

Lakini fadhila ninayoitukuza kuliko zote ni ile inayokuja baada ya makosa yote hayo kwisha kusahihishwa, jengo likawa mahali pake na kwa ukubwa wake, na bado likakataa kukaa. Pembe moja huelea hewani, mlango wa nyuma umezikwa hadi kitasani. Aghalabu ardhi hiyo imetokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mwezi Februari mwaka 2000, kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi, na rada ile ilipima mapaa na vilele vya mikalitusi pamoja na udongo bila kubagua. Au ardhi ni sahihi, na msanifu ndiye aliyedhani kuwa kiwanja ni tambarare kwa kuwa karatasi yake ilikuwa tambarare. Vyovyote iwavyo, jengo lielealo limesema kweli: sakafu iliyochorwa na udongo uliopo havijakutana.

Mchoraji mwenye haraka analo jibu. Huubonyeza uso wa ardhi chini ya jengo mpaka ukasawazika, akapanda nyasi pembeni, akawaweka wapita njia wawili wenye miavuli, na picha ikapendeza. Udongo utakaochimbwa na utakaojazwa umefichika humo, na kadhalika mfereji, na maji ya masika ambayo yataushuka ule mteremko uliofutwa na kuingia katika maduka ya jirani upande wa bondeni. Picha iliyokubali kukaa mara ya kwanza naishuku kuliko ile iliyomkeshesha mtu.

Nawe msomaji uliyeko Busia au Malaba, siku utakapoitwa barazani kutoa maoni juu ya soko, kituo cha malori au barabara mpya, na picha ikatundikwa ukutani inang'aa, mwambie mwenyeji kwa adabu kwamba umeipenda, kisha umwombe mambo mawili: akutajie vimo vya ardhi ile vilipimwa na nani, na akuonyeshe faili ilivyokuwa kabla haijasawazishwa.